Punje ya karanga, nusu kaputi na pumzi ya mtoto

KILA afanyaye biashara kati ya Mutukula, Kikagati na masoko ya Nakivale anaijua karanga kwa gunia, kwa debe na kwa kikombe. Anajua ipi imekauka sawasawa na ipi imenyunyiziwa maji ili iongeze uzito. Wachache wanaijua kwa punje moja, pale inapoiacha njia ya chakula na kushika njia ya hewa ya mtoto ambaye hajaota hata jino la kutafunia.

Nawaandikia hasa akina mama wanaopanga bidhaa chini huku mtoto ameketi juu ya gunia, pamoja na wale wanaofunga mizigo kurudi makwao, Burundi, Rwanda au Kongo, mtoto mgongoni na mfuko wa karanga za njiani mkononi. Jambo lenyewe ni la chumba cha upasuaji, lakini huanzia sokoni.

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya ukalimani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Makazi haya yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, yalipofunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda, na siku hizi humo utakuta Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Sokoni Kiswahili huwakutanisha wengi wao. Hospitali za mjini Mbarara ni habari nyingine. Huko lugha ni Kinyankole na Kiingereza, na mama wa Kivu mwenye Kiswahili chake na Kifaransa cha kuombea maji anaweza kukaa benchini siku nzima bila kueleza kilichompata mwanawe. Hapo ndipo tulipoitwa sisi.

Kumeza na kupaliwa

Katika kazi hiyo nilijifunza kwamba maneno mawili ya Kiswahili yanaweza kumpeleka mtoto vyumba viwili tofauti. "Amemeza karanga" ni habari ya tumbo. "Amepaliwa na karanga" ni habari ya mapafu. Ya kwanza mara nyingi hujimaliza yenyewe chooni. Ya pili haijimalizi. Lakini akina mama wengi husema "amemeza" kwa yote mawili, kwa sababu waliona kitu kikiingia mdomoni na hawakukiona kikitoka. Mkalimani akilipeleka neno kama lilivyo, mganga ataandika kwamba mtoto amemeza, na mama ataambiwa arudi nyumbani akasubiri. Kwa hiyo maswali yangu yakawa yaleyale kila mara: Je, alikohoa ghafla? Alibadilika rangi? Sauti ilikauka?

Mtoto ninayetaka kumwelezea alikuwa na umri wa miezi 11. Mama yake, mzaliwa wa Kivu Kusini, aliuza maharage na karanga kwa vikombe karibu na Base Camp, ambako ndiko kitovu cha makazi. Alasiri moja dada wa mtoto, msichana wa miaka minne, alimlisha mdogo wake karanga kama alivyozoea kulishwa yeye. Mtoto akakohoa kwa nguvu, macho yakamtoka, midomo ikaingia rangi ya buluu. Kisha akatulia, akanyonya, akalala. Mama akamshukuru Mungu na kuendelea na biashara.

Utulivu ule ndio unaodanganya watu. Punje ikishavuka koo na kukaa kwenye tawi mojawapo la bomba la hewa, kikohozi hupungua, na siku au hata wiki zinaweza kupita bila kishindo. Wakati huo mafuta ya karanga yanawasha utando wa ndani, unavimba na kutoa makamasi mazito. Punje ya haragwe au ya mahindi hufanya ubaya wa namna nyingine: hunywa unyevu na kufura, ikaziba kabisa tundu ambalo mwanzo ililiziba nusu. Homa inaanza. Mtoto anakorota upande mmoja wa kifua. Picha ya eksirei haimsaidii sana asiyejua anachotafuta, kwa maana karanga si sarafu wala mfupa, haionekani. Huonekana tu pafu moja limejaa hewa kupita kiasi au limesinyaa.

Mtoto huyu alipewa dawa ya kikohozi kutoka duka la dawa, kisha dawa ya nimonia, kisha ya pumu. Wiki 3 zikapita hivyo.

Majirani nao walikuwa na shauri lao. Katika nchi ile ya Ankole ipo imani ya ugonjwa wa watoto uitwao oburo, maana yake ulezi. Husemwa kwamba mtoto mwenye kikohozi na pumzi fupi ana punje za ulezi kifuani, na waganga humchanja kifua kwa wembe ili kuzitoa. Watafiti waliofanya kazi wilaya jirani ya Bushenyi waliandika habari za oburo mwaka 2007, pamoja na ebiino, yaani yale "meno ya uongo" yanayong'olewa kwenye fizi za watoto wachanga. Wenzetu wa Tanzania wana kukata kimeo. Simcheki mtu kwa imani yake. Ila nilipokuwa nikimsikiliza yule jirani, nilifikiri kwamba aliyeanzisha habari ya oburo hakuwa mbali sana na ukweli, kwani nafaka kweli huweza kukaa kifuani mwa mtoto. Tatizo ni kwamba haitoki kwa wembe, na mtoto mwenye upungufu wa hewa akiongezewa jeraha na kilio anaishiwa haraka zaidi.

Bahati nzuri mama hakukubali. Katika kituo cha afya, mganga aliweka kipimo chake kifuani kushoto, kisha kulia, kisha akarudia kulia. Upande huo ulikuwa kimya. Akauliza kama mtoto aliwahi kupaliwa, mama akasema hapana, amewahi kumeza karanga. Siku hiyohiyo tukawa barabarani, kupitia Kabingo hadi Mbarara, mji ambao tangu mwaka 2020 una hadhi ya jiji.

Kifo cha nusu

Jambo lililomtia mama hofu kuliko yote njiani lilikuwa neno. Pale Nakivale alikuwa amelisikia kutoka kwa Waswahili wa Kenya na Tanzania: nusu kaputi. Kwao Kivu husema tu kumlalisha mgonjwa. Lakini nusu kaputi, jinsi alivyoelezwa na wenzake sokoni, ni kufa nusu, na aliyekufa nusu akisahauliwa kidogo hufa nusu iliyobaki. Wengi husema kaputi hiyo ni ya Wajerumani, yenye maana ya kitu kilichoharibika. Asili yake iwe iwayo, ni jina baya kwa kazi nzuri, na laiti ningekuwa na mamlaka juu ya kamusi ningelifuta. Alikuwa tayari mtoto akatwe. Hakuwa tayari alazwe.

Kwa kweli hofu yake ilikuwa na msingi, ingawa si kwa sababu aliyoidhani. Katika kutoa kitu kwenye njia ya hewa ya mtoto mdogo hakuna kukata. Hakuna kisu wala uzi. Kuna bomba la chuma lililonyooka, jembamba, lenye taa, linalopitishwa mdomoni, na koleo refu linalopita ndani yake. Hatari kubwa iko kwenye usingizi wenyewe.

Mtaalamu wa usingizi alikuja wodini kabla ya mpasuaji. Alipima uzito wa mtoto, akatazama mdomo na shingo, akauliza juu ya mafua, na kama yuko ndugu aliyewahi kupata matatizo alipolazwa kwa dawa. Kisha akauliza mtoto amekula lini. Mama akajibu kwamba hajala tangu jana usiku. Nilitafsiri, lakini nikaomba ruhusa ya kuuliza tena kwa njia yangu: na ziwa je? Akasema ziwa amempa sasa hivi, pale kwenye korido, haijapita saa nzima. Hakuwa amedanganya. Kwa akina mama wengi kunyonya si kula. Lakini maziwa yaliyo tumboni, mtoto akilala kwa dawa, yanaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kanuni iliyozoeleka ni kusubiri kwa muda wa saa 6 baada ya chakula kigumu, uji au maziwa ya ng'ombe, na saa 4 baada ya maziwa ya mama. Maji matupu huruhusiwa mpaka karibu na wakati wenyewe, saa 1 au 2 kabla.

Hapo ukatokea uamuzi ambao mama hakuupenda. Mtoto alikuwa anahema kwa taabu, lakini akiwekewa oksijeni puani kipimo kilisimama vizuri. Ikaamuliwa wasubiri zile saa 4, oksijeni ikiendelea na kila kitu kikiwa kimeandaliwa, na kama hali itabadilika waingie hata kabla ya muda, kwani tumbo lililojaa ni hatari yenye dawa kuliko pumzi iliyokatika. Kusubiri kwa namna hiyo huonekana kama uzembe kwa aliyekaa nje. Nilikuwa na kazi ya kumweleza mama kwamba sivyo, na nilimweleza mara tatu.

Shamba moja, wakulima wawili

Katika saa hizo 4 ndipo mimi nami nilipopata somo. Kwa mtu mzima anayetengenezwa ngiri, mambo ni rahisi kueleza. Anapewa dawa ya usingizi na dawa ya kulegeza misuli, bomba linaingizwa kooni, mashine inapumua kwa niaba yake. Mpasuaji yuko tumboni, mtaalamu wa usingizi yuko kichwani, kila mmoja na shamba lake. Kwa mtoto mwenye karanga kwenye bomba la hewa, wote wawili wamepewa shamba moja. Mmoja anataka kupitisha chuma mahali palepale ambapo mwenzake anataka kupitisha hewa.

Na mahali penyewe ni padogo mno. Bomba la hewa la mtoto aliyezaliwa karibuni lina upana wa milimita 4 hivi. Likivimba milimita 1 kuzunguka pande zote, upana unabaki milimita 2, na nafasi ya hewa kupita inabaki robo tu ya ile ya mwanzo. Mtu mzima akivimba kiasi hicho ataona koo linamkereketa, basi. Tena mtoto mchanga hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo ya mwili wake, na akiba iliyomo mapafuni ni ndogo. Mtu mzima aliyevutishwa oksijeni vizuri anaweza kukaa dakika kadhaa bila kupumua kabla hajaharibikiwa. Kwa mtoto hesabu ni ya sekunde.

Kwa hiyo mtaalamu yule alichagua njia ambayo wengi wa kazi yake huipenda katika shida ya namna hii, yaani kumlaza mtoto bila kumnyang'anya pumzi yake mwenyewe. Hakutoa dawa ya kulegeza misuli. Misuli ikilegea, hewa italazimika kusukumwa kutoka nje kwa mkono, na hewa inayosukumwa inaweza kuipeleka punje ndani zaidi. Au punje inakuwa kama vali ya tairi la baiskeli, hewa inaingia lakini haitoki, pafu linafura hata kupasuka. Niseme hapa kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaolegeza misuli na kupuliza hewa taratibu, nao hufanikiwa. Kinachogomba zaidi ni mazoea ya watu wawili wanaofanya kazi pamoja, wakubaliane kabla ya kuanza nani atafanya nini mambo yakiharibika.

Nilielezwa hatua zenyewe hivi. Kwanza atropini, ili kukausha mate na kuuzuia moyo usipunguze mwendo, maana moyo wa mtoto hupoa haraka koo linapoguswa. Kisha barakoa usoni, oksijeni iliyochanganywa na mvuke wa halotheni, dawa iliyoanza kutumika kwa wagonjwa huko Manchester, Uingereza, mwaka 1956. Nchi tajiri ziliiacha zamani na kuhamia sevofluraini, ambayo ni laini zaidi kwa moyo lakini ghali. Halotheni ina harufu isiyokera koo, na hiyo ndiyo sifa iliyoifanya ipendwe kwa watoto. Mtoto mwenye pafu lililozibwa huchelewa kulala, kwa kuwa mvuke unaingia upande mmoja tu, na hapa asiye na subira huharibu. Baada ya hapo lignokaini hupuliziwa kwenye zoloto, kwa kipimo kinachofuata kilo za mtoto, ili lisihisi chuma kikipita.

Usingizi ukiwa mwepesi mno, zoloto hujifunga kama mlango uliopigwa na upepo na hakuna hewa inayopita. Ukiwa mzito mno, mtoto anaacha kupumua na moyo unalegea. Kati ya hayo mawili pana njia nyembamba, na mtaalamu anapaswa kukaa juu yake kwa muda wote ambao mwenzake anavuta punje. Mashine haimwelezi kila kitu. Anatazama kifua kikipanda na kushuka, anaweka mkono tumboni, anasikiliza. Kila mpasuaji anapotoa kioo chake ili apitishe koleo, tundu la bomba linabaki wazi, mvuke unatorokea chumbani badala ya kwenda kwa mtoto, na usingizi unaanza kuwa mwepesi. Hapo ketamini ya kwenye mshipa husaidia kuziba pengo. Ketamini ni rafiki wa hospitali zetu kwa kuwa haiui pumzi upesi, ingawa nayo huleta mate mengi, na mate kooni ni balaa.

Muda ulipofika, mama na mimi tulibaki nje. Kilichotufikia kupitia mlangoni kilikuwa mlio wa kipima oksijeni. Kifaa hicho hubanwa kwenye kidole, kwa mtoto mdogo hata kwenye unyayo, na kina tabia ya kubadilisha sauti: oksijeni ikiwa juu hulia kwa sauti nyembamba, ikishuka sauti nayo inateremka na kuwa nzito. Mara mbili iliteremka. Mama aliyekuwa akiniita papa, kama wanavyowaita wanaume wa makamo huko kwao, safari hii hakuniuliza maana yake.

Waliitoa nusu ya karanga, imelainika na kubadilika rangi, na ganda lake jembamba likaja peke yake baadaye, kwani mpasuaji alirudisha bomba mara ya pili kuangalia kama kuna masalia. Mtoto alipewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, akalala usiku ule chini ya oksijeni na jicho la muuguzi, maana hatari haiishi punje inapotoka. Koo lililosuguliwa na chuma huweza kuvimba baada ya saa chache. Kwa siku mbili sauti ilikuwa ya kukwaruza. Siku ya tatu alilia hadi wodi nzima ikageuka.

Kazi hii haikuanzia hospitali za siku hizi. Mjerumani Gustav Killian ndiye aliyetoa mfupa wa nguruwe kwenye njia ya hewa ya mkulima mmoja mwaka 1897. Mmarekani Chevalier Jackson alitumia maisha yake kuvuta vitu kutoka makoo ya watu, na jumba la makumbusho la Mütter huko Philadelphia limehifadhi vitu 2,374 alivyokusanya, vikiwamo pini, vifungo, sarafu na punje. Watoto wake wengi walitolewa vitu hivyo bila dawa ya usingizi kabisa, wamefungwa kwa shuka na kushikiliwa, kwa kuwa wakati ule usingizi ndio uliokuwa ukiua zaidi.

Wasiwasi wa Jackson haujatuacha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwauliza watoa usingizi 97 nchini Uganda juu ya vifaa walivyokuwa navyo. Asilimia 23 tu walikuwa na vya kutosha kumlaza mtu mzima salama. Kwa mtoto ilikuwa asilimia 13. Kwa mama wa kupasuliwa kujifungua, 6. Wakati huo nchi ya watu milioni 27 ilikuwa na madaktari bingwa wa usingizi 13, hali Uingereza ilikuwa na 12,000. Kazi nyingine zote zilifanywa, na bado kwa sehemu kubwa zinafanywa, na maofisa wa usingizi wasio madaktari, mara nyingi mmoja peke yake hospitali nzima.

Mambo yamesogea tangu hapo. Kuanzia mwaka 2006 hivi chama cha wataalamu wa usingizi cha Uingereza na Ireland kilianza kudhamini madaktari wa Uganda wanaosomea ubingwa huo Kampala na Mbarara, ambako chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kipo tangu mwaka 1989 na kinafundishia katika hospitali ya rufaa. Mwaka 2011 vipima oksijeni 80 vya shirika la Lifebox viligawiwa kwa watoa usingizi wa Uganda pamoja na mafunzo. Vifaa 80 si vingi, lakini kabla ya hapo wengi wao walikuwa wakiangalia rangi ya ulimi wa mgonjwa. Kwa maoni yangu serikali zetu zote za ukanda huu zina ugonjwa mmoja, wa kupenda kuzindua majengo. Jengo hukatiwa utepe. Sijaona utepe ukikatwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyehitimu kumlaza mtoto wa kilo 8 na kumwamsha.

Tena si kila siku watu na vyombo vinakutana mahali pamoja. Mtoto mwingine atalazimika kupelekwa Mulago, Kampala, kilomita 270 hivi kutoka Mbarara, na kila saa aliyochelewa Nakivale inaongezwa kwenye saa za njiani. Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ni ya yule aliyeona mtoto akipaliwa.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu au analia, mwache akohoe, hakuna mkono wa mtu unaosukuma kama kikohozi. Usiingize kidole kukitafuta kitu usichokiona, utakisukuma. Akishindwa kukohoa wala kutoa sauti, piteni njia hii kwa aliye chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, mgeuze, umbonyeze kifua kwa vidole viwili mara 5, rudia. Aliyepita mwaka mmoja, baada ya kumpiga mgongoni, hubanwa tumboni juu ya kitovu kutoka nyuma. Na hata akitulia akacheka, mpeleke akasikilizwe kifua siku hiyohiyo, useme neno kupaliwa. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka minne au mitano. Iliyosagwa na kupikwa kwenye mchuzi haina neno, na dada wa miaka minne aambiwe hivyo, kwa sababu ndiye mlezi wakati mama yuko na wateja.

Si watoto wa karanga peke yao wanaoingia chumba kile. Wapo waliozaliwa na zoloto laini, wanakoroma wakivuta hewa. Wengi hupona wenyewe wakikua, wachache huhitaji bomba. Wapo wenye vinyama kwenye zoloto, sauti zao za kukwaruza huzidi mwezi hadi mwezi, na hao hurudi kulazwa tena na tena. Mama wa mtoto wa namna hiyo akiamua kurudi kwao, asiondoke kabla hajaomba karatasi.

Karatasi hiyo iseme mtoto alifanyiwa nini na lini, alikuwa na uzito gani, alipewa dawa gani za usingizi, bomba la ukubwa gani lilipita bila kulazimishwa, na kama kulikuwa na taabu yoyote wakati wa kulala au kuamka. Hospitali za Uganda zitaiandika kwa Kiingereza. Anayekwenda Bukavu, Uvira au Bujumbura amtafute mtu wa kuiweka kwa Kifaransa akiwa bado Mbarara au Nakivale, ambako wanaojua lugha zote mbili si haba. Majina ya dawa yaachwe yalivyo, hayo husomeka kotekote. Kisha iwekwe kwenye mfuko mmoja na kadi ya chanjo, mkononi mwa mama, si kwenye mzigo unaopandishwa juu ya gari.